Barabara ya Mlimani

Chaki ilikatika akiwa ameshaandika M na B. Kipande kikubwa kilianguka, kikabingirika mpaka chini ya benchi la madereva, naye akabaki na kijipande kisichozidi ukucha. Hakuinama kukiokota kile kingine. Aliendelea na hicho hicho, vidole vikikwaruza ubao: O, V, U. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama mstari umenyooka, maana hata uongo wake aliutaka uwe na mwandiko mzuri.

Ubao huo ulitundikwa kwenye banda la madereva, hatua chache kutoka pale boti ya abiria inapofunga kamba. Juu uliandikwa HALI YA BARABARA, na chini yake barabara tatu za kisiwa: ya Ufukweni, ya Kati, ya Mlimani. Kila moja ilipewa neno moja kati ya matatu waliyokubaliana: NZURI, POLEPOLE, MBOVU. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba anayeitolea barabara habari awe ameipita mwenyewe asubuhi ile. Wageni wakishuka kwenye boti huusoma ubao kabla hata ya kuuliza bei ya chumba. Hoteli za ufukweni zilikuwa nyingi, na mgeni asiyejua kisiwa huchagua ile ambayo gari litamfikisha bila kumvunja kiuno.

Ubao ulikuwa mikononi mwake kwa mwaka wa sita sasa, ndiyo maana wenzake walimwita Chaki. Alikabidhiwa kwa sababu ya tabia yake ya kushuka garini. Madereva wengine wakikuta dimbwi hukisia. Yeye hushuka, akakunja suruali, akaingia mpaka ajue maji yanamfika wapi. Na kwa kuwa alikaa nusu ya njia ya kupandia mlimani, habari za barabara ile zilikuwa zake peke yake. Akisema nzuri, ni nzuri. Akisema mbovu, hakuna aliyekwenda kuhakikisha.

Asubuhi ile alikuwa ameipita. Ilikuwa kavu, ngumu, imetulia kama sakafu ya darasa.

"Bado tu?" aliuliza Breki, dereva mnene aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kuzitumia. "Hiyo barabara inaumwa ugonjwa gani? Wiki mbili mvua hakuna, yenyewe mbovu."

"Maji yanatoka chini," alisema Chaki bila kugeuka.

"Chini wapi?"

"Kwenye kona. Wewe unataka springi zako?"

"Nazitaka sana, ndugu yangu. Ndizo zinazonisitiri."

Madereva wakacheka, na boti ikapiga honi. Kati ya abiria walioshuka walikuwamo mume na mke wa makamo. Mume alikuwa fundi saa. Alifika banda la madereva akiwa ameshaitazama saa yake mara tatu. Mkewe alikuwa mwalimu aliyestaafu mwezi uliopita, na hii ndiyo zawadi aliyoichagua mwenyewe: siku nne za kukaa mahali penye bahari na pasipo kelele.

"Tumeambiwa kuna hoteli ndogo ng'ambo ya mlima," alisema mwalimu. "Vyumba kumi na viwili, ufukwe wao peke yao, hakuna muziki."

"Ipo, mama," alisema Chaki. "Ila hiyo njia." Akauelekeza ubao kwa kidevu.

Mwalimu alisoma. Akamtazama yeye, akausoma tena. "Haipitiki kabisa?"

"Inapitika kwa mwenye moyo wa kufa. Mimi nina watu wa kuwarudisha salama." Aliyasema maneno hayo kwa upole, kama daktari. "Hoteli kubwa iko hapa hapa Ufukweni, lami mpaka mlangoni."

Basi wakaenda hoteli kubwa. Chaki hakupewa chochote na hoteli kubwa, wala hakutaka. Alichokitaka ni kwamba hoteli ile ya ng'ambo ya mlima ikose watu, ikose kazi, ikose sababu ya gari la hoteli kupita kila jioni mbele ya nyumba yake Chaki na kumshusha mkewe.

Mkewe alikuwa mtandikaji wa vyumba kwenye hoteli hiyo. Miezi mitatu nyuma alipandishwa akawa msimamizi wa wenzake, na wasimamizi hurudishwa nyumbani na gari. Siku moja Chaki, akiwa amekaa kibarazani, aliliona gari likisimama na mkewe akishuka mlango wa mbele. Alikuwa anacheka. Si kucheka kwa heshima. Alikuwa ameshika magoti, machozi yanamtoka, na dereva wa hoteli, kijana mmoja waliyemwita Mrefu, alikuwa ameegemeza kichwa kwenye usukani anacheka naye. Chaki alijaribu kukumbuka ni lini yeye alimchekesha mkewe hivyo. Hakukumbuka. Kesho yake ndipo alipoandika mbovu kwa mara ya kwanza.

Hakuna aliyemgundua. Mrefu hakufika bandarini, kwani madereva wa bandarini hawakuruhusu magari ya hoteli kuchukua wageni pale. Na wao wenyewe hawakupanda mlimani, kwa sababu ubao ulisema wasipande.

&nbsp;

"Bibi harusi kaletwa," alisema mama yake jioni ile, akichungulia dirishani. Mama huyo, bibi mzee, alikuwa na macho mabovu kwa kila kitu isipokuwa barabara.

Chaki alisikia mlango wa gari ukifungwa, sauti ya "Haya, kesho," kisha hatua za mkewe. Alijifanya anasoma gazeti la juzi.

"Shikamoo, mama," mkewe alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umechoka?"

"Kidogo, mama."

"Kiti cha mbele hakichoshi," alisema bibi, akaingia zake jikoni.

Mkewe alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kochi akijisugua kisigino. Chaki akageuza ukurasa.

"Hivi kwa nini ukae mbele?"

"Nyuma kuna mashuka."

"Mashuka yamekuwa mabwana wakubwa, yaendeshwe?"

"Yanakwenda kwa dobi, machafu. Nikiyakalia, sare nitaifua mimi." Alimtazama. "Umeanza tena?"

"Nimeuliza tu. Na kucheka kote kule ni mashuka pia?"

Alitegemea ajibiwe kwa ukali. Badala yake mkewe akatabasamu, akanyanyuka. "Si huyo Mrefu anamwigiza meneja. Meneja akitafuta miwani yake. Anapekua meza, anapekua droo, anawafokea watu, 'Nani kachukua miwani yangu?', na miwani iko wapi? Hapa." Akagusa pua yake. Akaanza kuzunguka chumba, amekunja kiuno, akiinua vitambaa vya makochi, anafoka kama meneja. Alimwangalia mumewe ili acheke.

Chaki hakucheka. Alisema, "Mtu mzima na akili zake."

Mkewe akashusha mkono usoni. Akarudi kukaa, na tabasamu likamtoka polepole.

"Hata hivyo hakuna cha kuchekesha," alisema. "Leo tumetandika vyumba viwili. Viwili kati ya kumi na viwili. Meneja anasema hali ikiendelea hivi mpaka mwisho wa wiki, atapunguza watu, na mimi ndiye nimpe majina." Akajisugua kisigino tena. "Huko bandarini wanasemaje juu ya njia yetu? Mbona wageni hawaji?"

Chaki akalikunja gazeti.

"Wageni wa siku hizi ni waoga," alisema.

&nbsp;

Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, fundi saa na mkewe walikuwa wamekaa kwenye mizigo yao mbele ya banda la madereva.

"Hoteli kubwa inapiga ngoma mpaka alfajiri," alisema mwalimu. "Nimefundisha watoto sitini kwenye chumba kimoja, sijawahi kusikia kelele kama zile. Tupeleke mlimani."

"Mama, njia..."

"Nimesoma. Nitakuwa na moyo wa kufa."

Breki na wenzake walikuwa wanasikiliza. Kukataa kungeleta maswali. Chaki akapakia mizigo, akawasha gari.

Kilomita tatu za kwanza alizipita kwa gia ya kwanza, amekaza uso, anatazama chini kama anayetafuta sindano. Barabara ilikuwa inang'aa kwa ukavu. Mbuzi watatu waliwapita.

"Dakika thelathini na tisa," alisema fundi saa. "Tungetembea."

"Ubaya bado uko mbele, mzee."

Lakini mbele nako hakukuwa na ubaya. Kalvati lilikuwa zima. Ule mteremko wenye changarawe ulikuwa umeshindiliwa vizuri. Chaki alihisi macho ya wale wawili shingoni mwake, na jasho likaanza kumtoka kwapani. Ndipo alipokiona kishimo upande wa kulia, cha ukubwa wa sinia, mahali ambapo hata mwendesha baiskeli asingepita. Akageuza usukani akakiingia. Gari likaruka.

"Mnaona?" alisema.

"Dereva," alisema fundi saa, "kushoto kulikuwa na nafasi ya kupita lori."

"Kushoto kwa hapa kunadanganya."

Akakiona kingine, akakiingia hicho pia. Mizigo ikagongana nyuma. Cha tatu kilikuwa pembeni kabisa, karibu na majani, na ilimbidi akifuate. Mwalimu alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akasogeza kinywa karibu na sikio la dereva. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Anayekosea kwa kutojua namjua, na anayekosea kwa makusudi namjua. Wewe unakosea kwa makusudi. Una nini?"

Chaki hakujibu, kwa sababu kishimo cha nne kilikuwa na jiwe ndani yake. Kulitokea mlio kama wa chuma cha kengele kikigongwa, gari likainama upande mmoja, likajikokota kidogo, likasimama. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika vipande viwili.

Walikaa hapo nusu saa na dakika nne, kwa hesabu ya fundi saa, kabla gari la hoteli halijatokea kutoka mjini. Mrefu aliegesha, akashuka. Na mlango wa mbele ukafunguka, akashuka mkewe Chaki; walikuwa wametoka kwa dobi. Nyuma, mpaka kwenye paa, mashuka meupe yalikuwa yamepangwa kama matofali. Hapakuwa na nafasi ya kuketisha hata paka.

"Pole sana, kaka," alisema Mrefu. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi na shati lake jeupe la kazi, akaingiza kichwa chini ya gari. "Imekufa hii. Una jeki? Basi nitaleta ya kwangu." Alikuwa kijana mwenye adabu, mwenye chunusi shingoni. Hilo halikumpunguzia Chaki kitu. Lilimwongezea, maana alitamani sana amkute na kosa.

"Imekuwaje ukakata springi hapa?" aliuliza mkewe. Aliitazama barabara mbele, akaitazama nyuma. "Hapa pana nini?"

"Ndilo tunaloshangaa," alisema fundi saa. "Alituambia njia haipitiki. Na ubaoni bandarini imeandikwa hivyo hivyo, mbovu, kwa herufi kubwa. Mwandiko safi kabisa."

Mkewe Chaki aliujua mwandiko huo. Ndio ulioandika barua alizopewa kabla hajaolewa. Aliitazama tena ile barabara kavu, akamtazama mumewe, na Chaki akaona kitu kikikaa sawa usoni mwake, kama shuka linapovutwa na kunyooka pembe zote nne.

"Karibuni wageni," alisema, akawachukulia mizigo. "Bado kidogo tu. Samahani kwa usumbufu."

Wakabanana wote mbele, Mrefu, mwalimu, na fundi saa akiwa na sanduku mapajani. Mkewe Chaki alipanda mlima kwa miguu nyuma ya gari. Hakugeuka.

&nbsp;

Gari la Chaki lilivutwa mpaka nyumbani. Jioni, mkewe hakuletwa na gari, alikuja akitembea. Alisalimia, akanawa miguu, akatoa sare yake ya kesho, akaanza kuipiga pasi. Chaki alisimama mlangoni.

"Siku ngapi?" aliuliza mkewe, macho kwenye kola.

"Kumi na tano."

"Kila siku?"

"Jumapili boti haiji."

Pasi ilikwenda, ikarudi. "Ungeniuliza."

"Niliuliza."

"Uliuliza habari za kiti. Mimi nakwambia ungeniuliza. Ungeniita ukaniambia, mke wangu, mwenzio nimeumia. Hilo ndilo lilikushinda, ukaona rahisi kufunga barabara?"

Chaki hakutaka kusema lile la kijana, kwa sababu alipomwona chini ya gari lake, na vumbi mgongoni, alijua kwamba haikuwa juu ya kijana. "Ulikuwa unacheka," alisema mwishowe. "Umepandishwa cheo, una watu wa kuwaamrisha, una gari la kukuleta. Ukifika hapa umechoka. Kicheko umekimalizia huko. Mimi miaka sita naandika nzuri, mbovu, nzuri, mbovu."

"Nilikuigizia," alisema mkewe. "Juzi. Nilizunguka chumba hiki kama mwehu ili ucheke."

Chaki akaegemea mlango.

"Mama wa jikoni ameambiwa asirudi," mkewe aliendelea. "Leo asubuhi. Hakungoja mwisho wa wiki. Ana watoto watatu, na mimi ndiye niliyetaja jina lake, kwa sababu ndiye aliyeajiriwa mwisho. Kanishika mkono akaniuliza, 'Dada, nimekosa nini?' Ningemjibu nini? Kwamba mume wangu ananipenda sana?"

"Wewe mwenyewe mwanangu," sauti ya bibi ilitoka nyuma ya pazia, "ungekaa tu nyuma kama..."

"Mama," alisema Chaki. "Tafadhali."

Pazia likanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatisha mama yake, na hata mkewe alinyanyua macho.

"Utanitaja kwa meneja?" aliuliza Chaki.

"Sitakutaja. Utajitaja. Kwa wenzako na kwa meneja, kesho." Aliitundika sare, akaichomoa pasi ukutani. "Usipojitaja, nitakwenda kukaa kwa dada yangu. Sitagombana na wewe, wala sitalia. Nitakwenda tu."

Alimjua mkewe. Alikuwa mtu wa kufanya anachokisema.

&nbsp;

Mwenyekiti wa madereva alikuwa mwanamke wa miaka hamsini aliyeendesha basi dogo la njia ya Kati na kuvaa miwani ya jua hata ndani ya banda. Chaki alipoomba kusema jambo, aliivua.

"Barabara ya Mlimani ni nzuri," alisema Chaki. "Imekuwa nzuri wakati wote. Nilikuwa naandika uongo."

Madereva wote wakageuka kumtazama. Breki ndiye aliyepona kwanza.

"Hoteli kubwa wamekupa kiasi gani?"

Hakuna aliyeshtuka kwa swali hilo. Wengine walitikisa kichwa, karibu kwa huruma.

"Sema tu, ndugu yangu," Breki akaongeza, akishusha sauti. "Kila mtu ana shida zake. Ukisema umehongwa, utalipa faini ya chama, utatuomba radhi, basi. Hata mimi wangenifuata sijui ningefanyaje."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, na Chaki aliuona. Kuhongwa kulikuwa kosa la mwanamume; watu wangemlaumu wiki moja na kumheshimu mwezi. Angeweza kutikisa kichwa tu, bila kusema neno. Mkewe hakuwepo kusikia. Alijikaza kisabuni.

"Hakuna aliyenipa kitu. Ni wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa mke wangu. Anafanya kazi kule, gari la hoteli linamleta nyumbani. Nikataka hoteli ife."

Kicheko kilipolipuka kilitoka mpaka nje, wachukuzi wakaja kuchungulia. Breki alilala kwenye benchi. "Bure! Jamani, kafunga barabara bure! Wewe ungefungua hata kibanda cha kukata tiketi! Mkeo akipanda boti je, utakausha bahari?"

Chaki alisimama pale pale, mikono nyuma, akiacha wamalize. Alitegemea hicho kicheko. Kilichomchoma zaidi kilikuwa mtu mmoja ambaye hakucheka. Alikuwa dereva wa gari kuukuu la kijani, mkimya, ambaye wageni wake wengi walikuwa wa mlimani.

"Mimi wiki hizi mbili nimeuza redio," alisema yule dereva. "Nikaamini ubao. Nikasema, Chaki hawezi kukosea."

Kicheko kikafifia. Mwenyekiti akarudisha miwani yake machoni, akanyoosha mkono, na Chaki akamwekea kiganjani chaki iliyokuwa mfukoni.

"Kuna mahali popote kwenye hiyo barabara ambapo kweli ni pabaya?" aliuliza.

"Mahali pamoja tu. Kona ya pili kutoka juu. Sasa ni pakavu, lakini mvua ikinyesha maji hukata njia."

"Gari lako limekufa, mikono yako mizima. Kwanza nenda kwa huyo meneja useme kama ulivyosema hapa. Halafu nenda kwenye hiyo kona ukaitengeneze. Mpaka iishe hutabeba abiria bandarini." Akamgeukia dereva wa gari la kijani. "Boti ikifika, wageni wa mlimani ni wa kwako."

Chaki alipanda mlima kwa miguu, jembe begani. Meneja alimpokea akiwa ameinama juu ya meza, anapekua makaratasi, miwani imemkaa puani. "Subiri kwanza, nani kachukua miwani yangu?" alifoka. Chaki akahisi kitu kinampanda kifuani kutoka tumboni, akauma mdomo. Ilikuwa inachekesha. Ilikuwa inachekesha kweli kweli, na mkewe alimwigiza sawasawa, mpaka kule kufoka.

Akamweleza yote. Meneja alisikiliza, akaacha kupekua. Hakufoka. Alisema kwamba mama wa jikoni atamwita vyumba vikijaa, si kabla. Alisema pia kwamba asubuhi ile alikuwa ameshafuta cheo cha msimamizi. Kwa watu wachache vile, cheo cha nini? Mkewe alikuwa amerudishwa kwenye kutandika, na gari halitamleta tena ila siku ambayo linapita kwa shughuli zake.

Chaki alikuwa amekitamani hicho kwa siku kumi na tano. Alitoka ofisini, akaokota jembe lake mlangoni.

&nbsp;

Kazi ya kwenye kona ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Alichimba mfereji upande wa juu ili maji yapate njia yao, akabeba mawe kutoka kwenye genge la kando ya njia, akayapanga. Kiganja kikapasuka mchana wa kwanza. Gari la kijani lilipita likiwa na wageni, dereva akainua kidole kimoja tu kwenye usukani, hakusimama. Mwalimu na fundi saa walipita wakishuka kwenda kutembea. Mwalimu akamwachia chupa ya maji, akasema, "Hiyo sasa ni kazi ya kusahihishwa," na mumewe akatazama saa.

Nyumbani mkewe Chaki alimpa chakula, akamwambia lililohitaji kuambiwa, basi. Hakwenda kwa dada yake. Lakini pia hakuongea.

Siku ya tatu, jua likiwa linaelekea kuzama, gari la hoteli lilishuka taratibu, likasimama juu ya kona. Mkewe akashuka, mlango wa mbele. Roho ya Chaki ikauma, pale pale mahali pake pa siku zote. Akashangaa kwamba bado inauma baada ya yote haya. Akainama akaokota jiwe.

Mrefu akampungia mkono, gari likapita kando polepole, likaenda zake mjini. Mkewe alibaki, mkoba kwapani, akitazama mawe.

"Umeanza na madogo," alisema.

"Ndiyo yaliyo karibu."

"Maji yatayabeba. Weka makubwa chini, madogo yajaze juu."

"Hata Mwenyekiti hakuniambia hivyo."

"Mwenyekiti hatembei kwa miguu."

Aliweka mkoba kwenye majani, akavua viatu, akapandisha sketi kidogo akaifunga pembeni. Wakayatoa mawe madogo yote ambayo Chaki aliyapanga kwa siku mbili. Hakulalamika. Wakavingirisha jiwe moja kubwa kutoka gengeni, wanasukuma pamoja, bega kwa bega, na lilipotumbukia kwenye mfereji likamrushia Chaki vumbi jeupe uso mzima mpaka kwenye nyusi. Mkewe akamtazama. Kona ya mdomo wake ikachezacheza, akageuka upande wa pili haraka, akajifuta pua kwa mkono.

Wakaweka la pili na la tatu. La nne lilikataa kukaa. Giza lilikuwa linaingia kwenye majani, na kipande cha upande wa nje, urefu wa hatua sita hivi, bado kilikuwa wazi. Chaki alijinyoosha mgongo.

"Tumalizie kesho," alisema. "Ukitoka kazini."

Mkewe alikuwa ameshaokota viatu, anavikung'uta kimoja kwa kingine.

"Kesho sijui nitatoka saa ngapi," alisema. "Nina vyumba vitano."

Akaanza kuteremka. Chaki akakata matawi mabichi, akayalaza barabarani hatua ishirini kabla ya mfereji ili dereva atakayepita ayaone mapema, akalificha jembe kwenye majani, akaharakisha kumfuata.